Majani ya paka wa ghorofani: robo kilo ya ngano inatosha

Paka anayeishi ndani ya fleti hapa Dar es Salaam, iwe Kisutu, Upanga au kwenye ghorofa za Mtaa wa Aggrey, hana nyasi za kung'ata. Atatafuna alichokikuta: ua la kwenye chungu, chelewa za ufagio, ukingo wa mkeka, hata kamba ya pazia. Unaweza kumwoteshea majani yake mwenyewe kwa siku nane hivi na kwa pesa ndogo sana. Lakini mjini hapa kila kitu kina mtu wa kukuuzia toleo lake la ghali, na pesa ya mnunuzi wa majani ya paka hupotelea kwenye mbegu isiyoota, kwenye nauli na kwenye vikorokoro visivyohitajika.

Kwanza tuelewane unalipia nini. Paka ni mla nyama. Tumbo lake haliwezi kusaga majani, na akiyala yatatoka karibu kama yalivyoingia, ama kwa juu ama kwa chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwauliza wafugaji zaidi ya 1,000 na kutoa matokeo mwaka 2019: asilimia 71 walikuwa wamemwona paka wao akila mimea angalau mara sita, na ni kama robo tu waliosema hutapika mara kwa mara akishakula. Wengi wa paka hao hawakuonyesha ugonjwa wowote kabla ya kula. Watafiti wanaona ni tabia ya kurithi, tangu enzi ambazo paka wa porini alitumia majani kusukuma minyoo nje ya utumbo. Basi ni haja ya kawaida ya mnyama. Anayekuuzia majani kama tiba, mpite, na dawa ya minyoo ibaki palepale kwenye bajeti yako.

Cha bure ni ukoka. Uko Mnazi Mmoja, uko kando ya kila barabara, unaota hata kwenye nyufa za lami. Tatizo ni kwamba umekunywa moshi wa magari mchana kutwa, mbwa wamepita, na kama manispaa au mwenye kiwanja amepuliza dawa ya magugu huwezi kuiona kwa macho. Majani ya ng'ombe yanayopitishwa kwa mkokoteni ni mabaya zaidi kwa paka: ni marefu, magumu, yenye kingo za kukata. Jani la namna hiyo linaweza kunasa nyuma ya pua, na kulitoa ni kazi ya daktari wa mifugo na sindano ya usingizi. Hapo majani ya bure yameshakugharimu kuliko chochote nitakachokitaja humu.

Mchaichai nao, ingawa kila genge linao, uache kwenye chai. Shirika la ASPCA la Marekani limeuweka kwenye orodha ya mimea isiyowafaa paka kwa sababu ya mafuta yake.

Tuje kwenye nafaka, maana huku ndiko kwenye uamuzi wenyewe. Majani ya paka yanayouzwa Ulaya kwa pakiti za kupendeza ni machipukizi ya ngano, shayiri, oti au rai, basi. Kariakoo unayoipata bila kuhangaika ni ngano. Wauza nafaka wa mitaa inayozunguka soko, Mkunguni, Tandamti, Swahili na vichochoro vyake, huwauzia watu wa aina mbili: wanaosaga unga wa lishe na wanaopika bokoboko. Hizo ni ngano mbili tofauti. Ya bokoboko imekobolewa, ganda limeondoka na kiini kimejeruhiwa, na haitaota hata ukiimwagilia mpaka Idi. Ya lishe ni nzima. Chukua punje kama kumi kiganjani uzigeuze: unataka ganda la kahawia lisilochubuka, mfereji uliopita katikati, na kwenye ncha moja kile kidoa kidogo kilichobonyea, ambacho ndicho kiini. Ukiona weupe mwingi, vipande na unga unga, mrudishie mwenyewe.

Usimuulize muuzaji kama inaota. Jibu ni moja nchi nzima: "Inaota, dada, hii ondoa wasiwasi." Muulize hivi: "Kaka, hii ni ya lishe au ya bokoboko?" Hajui unataka jibu lipi, kwa hiyo atakwambia kweli.

Swali la pili: "Imetiwa dawa?" Baadhi ya dawa za unga za kuzuia fukusi kwenye nafaka zina permethrin. Binadamu anaivumilia kwa kiasi, lakini ini la paka haliwezi kuivunja vizuri, na kiasi kidogo tu kinaweza kumtetemesha mwili mzima. Chagua ngano ya kula iliyopepetwa, isiyo na vumbi jeupe wala harufu kali, kisha ioshe kwa maji mengi kabla ya kuiloweka. Ngano yenye fukusi wachache ina afadhali kuliko ngano inayonuka dawa.

Oti za kwenye kopo zilishapikwa kwa mvuke na kubanwa, haziwezi kuota. Shayiri ya supu imekobolewa kama ile ngano ya bokoboko. Shayiri yenye ganda inalimwa kaskazini, Monduli na magharibi ya Kilimanjaro, lakini sehemu kubwa huishia kwenye viwanda vya bia na si rahisi kuikuta rejareja. Ukibahatika kuiona nzima, chukua. Nitaeleza kwa nini tukifika kwenye maji.

Chaguo la pili kwa wasiotaka kwenda Kariakoo ni mahindi ya bisi. Yapo karibu kila duka la mtaani, ni ya kuliwa kwa hiyo hayana rangi ya dawa, na yanapenda joto la Dar kuliko ngano. Kasoro yake ni jani pana linalokomaa haraka. Mpe paka likiwa fupi, na usitarajie alipende kama la ngano.

Usijaribu mtama. Machipukizi yake yana kemikali iitwayo dhurrin, ambayo ikivunjwa hutoa sianidi, na wafugaji wa ng'ombe wanajua mtama mchanga unavyoangusha ndama. Hilo linaondoa pia pakiti nyingi za chakula cha ndege, kwa sababu mtama huwa umo kwenye mchanganyiko. Bei yake inavutia, najua. Iache.

Maduka ya pembejeo yatakuonyesha mbegu bora kabisa, na kwa mkulima ni kweli. Mbegu za shambani mara nyingi huja zimepakwa pinki, nyekundu au kijani, ishara kwamba zimetiwa viuatilifu vya kuua ukungu na wadudu ardhini. Lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, inathibitisha ubora wa mbegu kwa shamba. Haisemi chochote kuhusu mdomo wa paka. Isitoshe, pakiti hufungwa kwa kilo za kutosha sehemu ya eka, nawe una dirisha moja.

Sasa hesabu. Bei ya nafaka hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo nakupa ukomo wa mfuko wako: usilipe zaidi ya shilingi 3,000 kwa kilo, na usinunue kilo. Nunua robo. Kwa bei hiyo ni shilingi 750. Chombo chenye upana wa sahani ndogo kinakula vijiko vitatu vikubwa vya ngano, kama gramu 40, maana yake robo kilo inakupa mipando sita. Kila mpando ni shilingi 125. Ukipanda kila baada ya siku kumi, umefika miezi miwili. Kilo nzima inaonekana nafuu, lakini kwa unyevu wa Dar nusu yake italiwa na fukusi kabla hujaifikia, na fukusi hao watahamia kwenye mchele wako.

Tandale ndiko nafaka inakoshukia na bei ya jumla iko chini. Kwa robo kilo, safari hiyo haina maana. Hata Kariakoo usiende kwa ajili ya ngano peke yake, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi inaweza kuizidi ngano yenyewe. Iunganishe na safari ya kununua kitu kingine. Nenda na kopo lako lenye mfuniko: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mfuko mbadala utakaouziwa mlangoni ni pesa nyingine. Lipa taslimu pia. Ukilipa kwa simu kwa muuzaji asiye na namba ya biashara utaambiwa "tuma na ya kutolea", na kwenye manunuzi ya 750 makato hayo ni sehemu kubwa ya bei.

Chombo usinunue. Dumu la mafuta ya kula la lita tano, lililokatwa kwa ubavu na kuoshwa kwa sabuni mpaka utelezi uishe, lina upana mzuri na halipinduki paka akiegemea. Kopo la aiskrimu ni jepesi mno, litavutwa mpaka chini pamoja na udongo wake. Toboa matundu machache chini na uweke sahani ya kupokea maji.

Kwenye udongo ndipo wauza miche wanapopata faida. Watakupa mfuko uliochanganywa samadi, mzuri kwa mchicha, lakini ngano inayoishi wiki mbili au tatu tu haihitaji mbolea kwa sababu punje imebeba chakula chake. Samadi ndani ya nyumba inaleta mbu wadogo na harufu, na paka ataona umemjengea choo. Mwombe muuzaji udongo mtupu wa kichanga, kiasi cha kisado kimoja, na usilipe bei ya mchanganyiko. Njia ya bure kabisa ni makumbi ya nazi au ya madafu: chambua nyuzi, ziloweke na kuzisuuza mara kadhaa kuondoa rangi na chumvi, zikatekate, zipange unene wa vidole viwili. Ni kazi ya jioni moja na mikono itabadilika rangi. Asiye na muda anunue udongo.

Kuna wanaootesha kwenye kitambaa kilicholowa tu, bila udongo, kama wafugaji wanavyootesha malisho ya ngano au shayiri kwenye trei. Inawezekana, na kipande cha khanga kuukuu kinatosha. Lakini lazima uisuuze asubuhi na jioni bila kukosa, na mwezi Februari, joto likiwa nyuzi 31 au 32 na hewa imejaa unyevu, ukungu utakutangulia. Njia hiyo iweke kwa Juni hadi Agosti.

Maji yana gharama ambayo watu hawaihesabu. Majengo mengi ya katikati ya jiji hutumia kisima, na maji ya visima hivyo mara nyingi yana chumvi. Ngano haipendi chumvi: itaota kwa kusitasita, ncha za majani zitaungua na kuwa za kahawia, nawe utamlaumu muuzaji wa Mkunguni bure. Tumia maji ya bomba ya DAWASA, au yale ya kunywa yaliyobaki kwenye jagi. Kikombe kimoja kwa siku kinatosha. Kama jengo lako lina maji ya kisima tu, hapo ndipo shayiri inastahili kutafutwa, kwa kuwa inahimili chumvi kuliko ngano.

Kupanda kwenyewe ni hivi. Loweka ngano saa sita mpaka nane, isizidi, maana kwa joto letu maji yaliyolala usiku kucha huanza kuchacha. Ichuje, itandaze juu ya udongo punje zikigusana bila kupandiana, funika kwa kitambaa kibichi. Siku ya pili au ya tatu utaona vizizi vyeupe vimetoka, na juu yake manyoya laini kama ukungu. Hapo wengi hutupa kila kitu na kwenda kununua upya. Usitupe kwanza. Nyunyizia maji: manyoya ya mizizi hulala na kupotea machoni papo hapo. Ukungu wenyewe hukaa juu ya punje, hubaki baada ya kunyunyiziwa, huwa na rangi ya kijivu au kijani, na unanuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Huo ndio wa kutupa, pamoja na udongo wake.

Kabla ya kupanda robo yote kwa imani, jaribu punje ishirini kwenye kitambaa. Zikiota pungufu ya kumi na tano, badilisha muuzaji.

Majani yakifika urefu wa kidole, mpe. Kwenye joto la Dar ni kama siku ya saba au ya nane. Usingoje yarefuke, yatakuwa magumu na utamu wake utaisha. Yatadumu siku kumi hivi, kisha yataanza kuwa manjano upande mmoja. Panda chombo cha pili cha kwanza kinapoanza kuliwa, ili kisiwepo kipindi ambacho paka anarudi kwenye maua yako.

Mwanga wa dirisha lenye nondo unatosha hata kama jua haliingii moja kwa moja. Majani yakikaa ya njano na membamba, ujue dirisha limezibwa na jengo la jirani, sogeza chombo. Ukikiweka barazani au juu ya paa penye kamba za nguo, utalisha kunguru. Kunguru hawa wa Dar, ambao asili yao ni India na waliingia kupitia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, hufukua punje moja moja kwa utulivu wa kushangaza. Kipande cha wavu wa chuma juu ya chombo kinawazuia kwa siku zile za mwanzo.

Ukikutana na mtu mtandaoni anayeuza chombo kilichokwisha kuota, si wizi, ni huduma. Ila uliza mambo matatu kabla ya kutuma pesa: bei inajumuisha nauli ya boda au hapana, ni nafaka gani, na yana siku ngapi tangu yaote. Majani ya siku kumi na mbili yamebakiza siku chache, na umelipa bei ya mpando mzima. Kama umehamia juzi na paka wako anatafuna mmea wa sumu kwenye chungu, nunua hicho kimoja, huku chako kinaota.

Pakiti za kutoka nje sioni sababu. Ndani yake kuna ngano au oti, kikombe na udongo uliokaushwa. Wakala wa mizigo atakutoza kwa kilo, na mbegu na udongo vinavyoingia nchini vinahitaji kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA. Unaweza kulipia mzigo, kisha mzigo ukakwama. Bomba la dawa ya kulainisha manyoya tumboni ni bidhaa nyingine kabisa. Ina kazi yake kwa paka mwenye manyoya marefu, na daktari akiiandika inunue, lakini paka wetu wa kawaida mwenye manyoya mafupi haihitaji kwa mazoea.

Pesa ambayo ingeenda huko ina matumizi bora: kuondoa mimea mibaya ndani. Mayungiyungi (lily) ya kwenye chombo cha maua, yale yanayoletwa kwenye harusi, huua figo za paka, hata chavua iliyomdondokea mgongoni akailamba inatosha. Alovera na ile mimea ya majani mapana yenye madoa meupe inayopendwa kwenye korido za ofisi nayo haimfai. Hiyo ipandishe juu au mpe jirani asiye na paka.

Paka akitapika majani mara moja na kuendelea kucheza, futa sakafu. Akitapika mara nyingi kwa siku moja, akitapika damu, au akikataa chakula siku nzima, funga safari ya kwa daktari wa mifugo. Majani hayatamsaidia.

Uamuzi wangu, basi. Mwenye shilingi elfu moja anunue robo ya ngano ya lishe na aokote makumbi. Mwenye elfu tatu aongeze udongo mtupu asijisumbue. Asiyeweza kufika sokoni wiki hii aanze leo na bisi za duka la chini. Na kama pesa iliyopo ni ya kuchagua kati ya majani na dawa ya minyoo, nunua dawa ya minyoo kwanza, ngano itasubiri mwisho wa mwezi.